Aliyemwambukiza Popat

Baba yangu, Hindurao Magdum, ana miaka sabini na miwili na tangu nimjue hajawahi kukubali kosa. Akipotea njia, barabara ndiyo imehamishwa. Akisahau jina la mtu, basi mtu huyo ana jina baya. Hapa Kolhapur, magharibi mwa India, wanamwita Vastadi, kwa kuwa ni mwalimu wa mieleka, na vijana arobaini wanaolala kwenye talim yake, nyumba ya mieleka iliyo nyuma ya kwetu, humgusa miguu kwa heshima kila asubuhi kabla ya kushuka kwenye shimo la udongo mwekundu. Mtu akishaguswa miguu mara arobaini kabla ya chai, utamwambia nini akusikie?

Mimi ndiye mwanawe wa pekee, Ujwala. Nimefanya kazi kwenye maabara ya kifua kikuu kwa miaka ishirini na moja. Ndani ya talim siingii, maana wanawake hatushuki pale, na hilo nalo tumeligombania sana mimi na yeye. Nasimama mlangoni, nasema yangu kutoka mlangoni, na namshukuru Mungu kwa sauti aliyonipa.

Mwezi wa Januari shingo ya Popat ilivimba. Popat ana miaka kumi na tisa, kilo mia moja na nne, na mdomo usiopumzika. Alianza kutembea na skafu mchana kweupe.

"Popat," nikamwita, "shingo hiyo umeazima kwa nani?"

"Misuli mipya, Dada. Inaota."

"Upande mmoja tu?"

"Wa pili umeahidi kuja wiki ijayo."

Nilimshika sikio, hilohilo lililokunjamana kwa mieleka, nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari alichoma sindano kwenye uvimbe, akavuta usaha kidogo, na baada ya saa mbili mashine ikajibu: kifua kikuu cha tezi. Mapafu yake yalikuwa safi. Akaandikiwa vidonge vya aina nne, nami nikarudi nyumbani kuwaeleza wenzake kwamba tezi haikohoi, haimwambukizi mtu, na Popat abaki palepale kwenye mkeka wake.

Hawakunisikiliza. Walikuwa na jambo jingine la kujadili. Wote walikwishajua, bila kupima chochote, ni nani aliyeuleta ugonjwa. Walimnyooshea kidole Dagadu.

Dagadu Khot alitoka kijijini upande wa Sangli, na alikuwa na miezi minane tu kwetu. Miaka miwili nyuma aliugua kifua kikuu cha mapafu, akameza dawa mpaka kidonge cha mwisho, akapona. Siku aliyofika alimwonyesha baba cheti cha hospitali kabla hajaulizwa, na baba akampokea. Ni kijana mkimya, mwenye mikono mirefu, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake wote: alichemsha maziwa yake.

Kwetu maziwa hayachemshwi. Asubuhi na jioni Chandri, nyati wetu wa maziwa, huletwa mpaka mlangoni mwa talim, baba anachuchumaa, anamkamua moja kwa moja kwenye bilauri, na kijana anakunywa yakiwa bado na joto la mnyama, povu mpaka kwenye masharubu. Mjini watu hufanya vivyo hivyo barabarani, karani na mwenye duka wamesimama kando ya nyati wakisubiri zamu. Baba husema maziwa yaliyoona moto ni maiti. Dagadu alikuwa akipokea bilauri yake kwa mikono miwili, anashukuru, kisha anazunguka nyuma ya ukuta kwenye jiko lake dogo. Muuguzi wa kijijini alimwambia achemshe, naye akachemsha. Wakampachika jina la Mgonjwa. Baba mwenyewe alicheka.

Shingo ya Popat ilipovimba, sufuria ile ndogo ikageuka ushahidi. Kwa nini mtu awe na chombo chake peke yake kama hana anachokificha? Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta Dagadu kizingitini, begi begani. Baba alisimama katikati ya ua, na vijana wote nyuma yake.

"Ondoka," baba alikuwa akisema. "Nilikufungulia mlango, ukaniletea uchafu."

"Nilipona, Vastadi. Cheti uliki—"

"Cheti ni karatasi! Popat ni mtoto wangu!"

"Baba!" nikapaza sauti. "Umepima nini? Nani amepima?"

"Sihitaji mashine kuona jua."

Dagadu aliinama amguse miguu aage. Baba akarudi nyuma hatua moja ili asiguswe. Nimemwona baba akivunjwa mbavu na akivunja za watu, lakini sijawahi kuona pigo baya kama ile hatua moja. Kijana alinyooka, akatoka. Talim ikikufukuza kwa uchafu, hakuna talim nyingine itakayokupokea. Habari hufika kabla ya basi lako.

Nilimfuata mpaka njiani. "Dagadu, sampuli yako ya miaka ile ililetwa kwenye maabara yetu, na bado tunayo kwenye jokofu. Nikiweza kuilinganisha na ya Popat tutajua. Unaniruhusu?"

Alifikiri kidogo. "Chukua, Dada. Ila ukikuta ni mimi, niambie mimi kwanza. Popat ni rafiki yangu."

Mpaka hapo sikuwa nimefikiri kwamba hata yeye hana uhakika. Nilipandwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia kufanya kazi vizuri.

Mashine ile ya kwanza inautambua ukoo tu, mtu hasa haimjui. Vijidudu vya kifua kikuu ni jamaa wengi wanaofanana mno, na inachosema mashine ni kwamba mmoja wao yumo humu. Kumjua ni yupi kunahitaji kumfungua vinasaba. Yule anayekaa kwa binadamu amebaki na vipande ambavyo binamu yake anayekaa kwa ng'ombe na nyati alivipoteza zamani sana, maelfu ya miaka nyuma, na kipande kikishapotea hakirudi. Kwa hiyo unachagua sehemu mbili tatu, unaiambia mashine izirudufishe mara nyingi, unazipitisha kwenye jeli yenye umeme, halafu unatazama chini ya mwanga. Kilichopo huonekana kama mstari unaong'aa.

Daktari Nimbkar, mkuu wetu, alikubali, kwa sababu jibu lingegusa pia dawa za Popat. Ila kijidudu hiki ni mvivu kukua. Nilisubiri wiki tano. Baba hakuniuliza hata siku moja, na mimi sikumpikia mchuzi mwekundu anaoupenda hata siku moja.

Siku ya siku, mistari ya Dagadu iling'aa yote. Kwa Popat, sehemu mbili zilikuwa tupu. Nilitaka kuruka. Daktari Nimbkar akanitazama juu ya miwani.

"Pengine mkono wako ulitetemeka. Ukiharibu kipimo, napo unapata utupu."

"Mkono wangu hautetemeki, Daktari."

"Rudia."

Kanikera, lakini alikuwa na haki. Nikarudia kwa namna nyingine: badala ya kutafuta kipande, nikatafuta kovu, pale ambapo kingo mbili zinakutana baada ya kipande kukatika. Kama kovu lipo, nalo lina mstari wake, mfupi zaidi. Likatokea. Nikarudia mara ya tatu kwa kumkomoa mkuu wangu, likatokea tena. Kijidudu cha Popat kilikuwa cha ng'ombe, yule binamu.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa Dagadu, kama alivyoniomba. "Siyo wewe," nikasema. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha mlio wa kuku, kisha simu ikakatika.

Baba nilimkuta uani akipaka mafuta rungu la mazoezi.

"Haukutoka kwa Dagadu," nikamwambia. "Kijidudu chake kina vipande vyote. Cha Popat kimekosa viwili."

"Kwa hiyo ushahidi wako," akasema polepole, "ni kitu ambacho hakipo?"

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na moja serikali inakulipa mshahara kwa vitu ambavyo havipo."

"Baba, wale mapacha wa Chougule uliwajuaje?"

Akaacha kupaka mafuta. Kisa kile anakipenda kuliko mimi. Mapacha wawili, Maruti na Sudam, sura moja, kimo kimoja, ila mashine ya miwa ilimla Maruti kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Siku ya shindano Sudam alichoka, wakabadilishana kisirisiri nyuma ya hema. Uwanja mzima ukadanganyika isipokuwa baba.

"Niliangalia udongo," akasema. "Kulikuwa na kiganja cha vidole vinne. Nikawaambia, huyu ni Maruti, mtoeni."

"Sudam hangeweza kuacha alama ile?"

"Angekunja kidole."

"Kijidudu hakikunji kidole, Baba! Na usiniambie udongo haukushika vizuri, maana nimetazama mara tatu, na kovu nimeliona. Dagadu ana vitano. Aliyemshika Popat ana vinne."

Akaligeuza rungu mikononi. "Huyo wa vinne anakaa wapi?"

"Kwa ng'ombe. Kwa nyati. Anakuja kwa maziwa yasiyochemshwa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka rungu chini akaenda bandani kwa Chandri, na nilimsikia akiongea naye.

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake, akamdunga Chandri sindano ndani ya ngozi, akasema ngozi ikivimba basi ni mgonjwa, na kwamba atarudi baada ya siku tatu. Siku ya tatu baba aliamka mapema akaupima uvimbe kwa vidole vyake mwenyewe, akapima tena, akapima tena, akitumaini utapungua. Haukupungua. Walipomchukua Chandri kwenda kutengwa kwenye zizi la mifugo wagonjwa, baba alitembea naye mpaka kwenye lori akiwa ameshika pembe moja. Alimlea tangu ndama. Jioni nikampikia mchuzi mwekundu.

Vijana wote walipangwa foleni hospitali wakapimwa, na baba mwisho wa foleni akilalamika kwamba sindano za siku hizi ni butu. Wote walikuwa wazima. Popat alibadilishiwa matibabu, kwa sababu kidonge kimoja kati ya vile vinne hakimfanyi kitu yule wa ng'ombe. Daktari akamwambia atameza dawa miezi tisa.

"Miezi tisa!" Popat akashika tumbo lake. "Dada, nitajifungua nini?"

"Akili, Mungu akijalia."

Jumamosi baba alivaa kilemba chake cha sherehe, cha rangi ya zafarani, akaniambia tunakwenda Sangli. Njia nzima kwenye basi alikuwa akitikisa midomo. Nilijua anatunga hotuba, na nilijua haina neno "samahani" hata moja.

Mama yake Dagadu, Hausabai, alitupokea uani na unga wa mkate wa mtama mpaka viwikoni. Ni mwanamke mfupi, na alimtazama baba kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Huyu ndiye aliyemwita mwanangu uchafu?"

"Mama," Dagadu akasema, "ni Vastadi wangu."

"Nimeuliza swali. Sijauliza cheo."

Baba akakohoa. "Dada yangu, kulitokea upungufu wa taarifa."

"Upungufu wa taarifa ndiyo nini? Ugonjwa mwingine?"

Niligeuka nitazame ukuta, nisije nikacheka. Hausabai akaendelea, akikanda unga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mwanangu hakula siku nne. Majirani walimwuliza kama ugonjwa umerudi. Binti tuliyekuwa tukimposea, watu wake wamenyamaza. Mimi sisomi, ila maziwa nachemsha. Nyie wakubwa wa mjini mnanyonya kama ndama, halafu mtoto wangu ndiye mchafu."

"Ni kweli," baba akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Hausabai pia aliacha kukanda.

"Ni kweli," akarudia, akitazama chini. "Yeye alikuwa sahihi. Dagadu, rudi. Mkeka wako uko palepale."

Ningekuwa mimi ningerudi mbio. Baba yangu kusema vile lilikuwa jambo kubwa kuliko kombe lolote. Lakini Dagadu alisimama akiwa amekunja mikono yake mirefu, na sauti yake ikatoka taratibu, kwa heshima yote.

"Vastadi, nilifukuzwa mbele ya watu arobaini. Hapa tumekusikia watatu, na mmoja ni mama. Nikirudi hivihivi nitakuwa mgonjwa aliyehurumiwa. Jumatatu alfajiri nitakuja nisimame mlangoni. Ukiyasema haya mbele yao, nitaingia. Ukinyamaza, nitaondoka na sitakulaumu."

Baba alimaliza chai yake akasimama. Kwenye basi la kurudi alikaa kiti cha mbele peke yake. Kilemba kilibaki mapajani.

Jumapili nzima hakusema. Niliwaza: mzee huyu hataweza. Kumwambia mama mmoja uani ni jambo moja, lakini vijana wale wanamchukulia kama mungu mdogo, na maziwa yale ndiyo dini yake. Nilimkasirikia kabla hata hajashindwa, halafu nikamhurumia, halafu nikamkasirikia tena.

Jumatatu Dagadu alikuwa amefika kabla ya jua, begi begani, amesimama kwenye kizingiti. Nikasimama naye. Ndani, vijana waliteremka mmoja mmoja, wakamgusa baba miguu, wakagusa udongo, wakajipanga. Walimwona Dagadu wakaanza kunong'onezana. Popat, aliyekatazwa mieleka mpaka dawa ziishe, alikaa juu ya ukingo wa shimo na skafu yake.

Baba alisimama katikati ya udongo. Alinyamaza mpaka nikahesabu pumzi zangu. Dagadu akalisogeza begi begani vizuri, na nikaona mguu wake wa nyuma umeanza kugeuka.

"Sikilizeni," baba akasema. "Popat aliugua kwa maziwa. Nani alimkamulia?"

Wakatazamana.

"Nauliza, nani alimkamulia?"

"Wewe, Vastadi," Popat akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mimi. Kwa mikono hii. Na mtu pekee humu ndani aliyekuwa anafanya lililo sawa, nilimcheka, kisha nikamfukuza, na alipoinama kunigusa miguu nikarudi nyuma. Dagadu hakumwambukiza mtu. Aliyemwambukiza Popat ni mimi." Akageukia mlangoni. "Kijana, nisamehe."

Nililia, na sioni haya kusema. Vijana wale wakubwa walitazama miguu yao. Dagadu hakusogea, nadhani hakujua afanye nini na mwili wake. Baba naye hakujua, na kwa muda wote wawili walibaki wametazamana hivyo, mmoja shimoni na mwingine mlangoni.

Kisha baba akapangusa uso kwa kiganja chenye udongo, akajipaka rangi nyekundu mpaka kwenye masharubu, akaunguruma.

"Haya! Na wewe, wiki saba hujafanya mazoezi. Umekuwa laini kama mama mkwe. Kuchuchumaa na kuinuka, mia tano!"

"Mia tano, Vastadi?"

"Unataka mia sita?"

Mgeni haamrishwi hivyo kwetu. Mgeni hupewa kiti. Dagadu alivua begi akanikabidhi, akavuka kizingiti, akashuka shimoni, akainama. Safari hii miguu ya baba haikusogea. Halafu akaanza kuchuchumaa, na Popat akajitwika kazi ya kumhesabia kwa sauti, akirudia kila namba mara mbili ili kumwongezea. Walipofika mia na kumi Dagadu alikuwa anacheka mpaka anashindwa kuinuka.